Nilibatizwa, au nimebatizwa?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Makorora hapa Tanga mjini. Nauza mchele na maharage soko la Mgandini. Nilizaliwa Bumbuli, nikabatizwa nikiwa na miezi minne, nikapata kipaimara nilipomaliza darasa la saba. Jumapili hainipiti, bahasha yangu ya ahadi naipeleka, na mwaka jana nilichaguliwa katibu wa jumuiya yetu. Nakueleza haya ujue kwamba si mtu wa nje anayekuandikia.

Mwezi wa nne mwanangu wa mwisho aliugua, tukalazwa hospitali siku sita. Dada mmoja ninayeuza naye sokoni, anayesali kanisa la kiroho, alikuja kila jioni na chupa ya uji. Alimwombea mtoto, akaniombea na mimi. Watu wa kwetu walikuja mara moja, Jumapili, wengi kwa pamoja, wakaimba, wakaondoka. Sisemi kwa ubaya. Tangu hapo tumekuwa karibu na yule dada. Ananiambia maisha yangu ya kiroho hayana nguvu kwa sababu sijabatizwa bado. "Ulinyunyiziwa maji ukiwa usingizini," anasema. "Hukuchagua, hukuamini, hata jina lako ulikuwa hulijui." Amenisomea Matendo 19, pale Paulo alipowakuta wanafunzi kule Efeso, wakabatizwa upya ingawa walikwisha kubatizwa. Kwao wanabatiza baharini, Raskazone, asubuhi maji yakiwa yamejaa. Jina langu limeshaandikwa kwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Nilimpigia mama simu kumwambia. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Siku ile mvua ilinyesha toka usiku. Baba yako alikuweka kifuani ndani ya koti, tukashuka mlima kwa miguu. Cheti chako kipo sandukuni. Ukibatizwa tena, sisi tulikwenda kufanya nini?" Akakata. Baba ni marehemu.

Mwalimu, yangekuwa maneno ya rafiki yangu tu, ningejua la kumjibu. Lakini amenigusa penye kidonda. Nikijitazama toka Jumatatu mpaka Jumamosi, sioni tofauti yangu na mtu asiyebatizwa. Nina hasira na watoto. Nina wivu na wenzangu wa sokoni. Na lipo jambo ambalo hata kuliandika naona haya: mizani yangu haianzi kwenye sifuri. Mshale nimeusogeza, ukisoma kilo moja, mchele ni gramu 900. Nilianza mwaka juzi, ada za watoto zilipokutana na kodi ya nyumba. Nikasema ni kwa mwezi mmoja tu. Yupo mama ntilie anayenunua kilo tano kila asubuhi, ananiita dada, akinikuta sijafungua ananisubiri. Hata yeye.

Meza iliyo jirani na yangu ni ya mama wa Kiislamu, mtu mzima. Mizani yake haina maneno, na mteja akishafungiwa anaongezewa kiganja. Yeye hana ubatizo. Mimi niliyebatizwa ndiye ninayeiba. Sasa huo ubatizo wangu unafanya kazi gani? Si ndiyo rafiki yangu anasema sikubatizwa? Nafikiri nikizama baharini nikaibuka, nitaanza upya, na hata mizani nitaiweka sawa.

Nifanye nini? Jumamosi inakaribia.

Mama wa Makorora

* * *

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale mwishoni: ukiibuka baharini, "hata mizani nitaiweka sawa". Mbona mizani isubiri Jumamosi?

Nitarudi hapo. Kwanza, rafiki yako mshukuru. Siku sita za uji si jambo dogo, na sitaandika neno la kumdharau yeye wala kanisa lake. Mimi ni Mlutheri, nimefundisha vijana wa kipaimara miaka mingi, na ulivyowaeleza wale waliokuja Jumapili wakaimba wakaondoka, nilijiona na mimi ndani yao. Imeniuma kwa kuwa ni kweli. Huenda usharika ungekuja na uji, usingekuwa unatafuta leo kama ubatizo wako ni wa kweli. Watu wengi wanaokwenda kubatizwa mara ya pili hawakushindwa na hoja. Walikuwa wapweke.

Hoja yenyewe haina ugumu mkubwa. Soma tena Matendo 19 polepole. Paulo aliwauliza wale watu walibatizwa kwa ubatizo gani, wakajibu, kwa ubatizo wa Yohana Mbatizaji. Hata kusikia kwamba kuna Roho Mtakatifu walikuwa hawajasikia. Ndipo wakabatizwa kwa jina la Bwana Yesu. Wewe Bumbuli hukubatizwa kwa ubatizo wa Yohana. Ulibatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kama Yesu alivyoagiza katika Mathayo 28. Na waraka unaokwenda kwa Waefeso haohao unasema, "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja." Kuhusu wingi wa maji, Didakhe, ambayo ni katika maandishi ya kale kabisa ya Wakristo nje ya Biblia, inaagiza maji yanayotiririka. Yasipopatikana, maji mengine yoyote, na yakiwa haba, mtu amiminiwe kichwani mara tatu. Bahari ni nzuri, wala sina neno na bahari. Lakini kikombe kimoja cha maji ya Bumbuli hakikupungukiwa na kitu.

"Hukuchagua." Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Ni kweli hukuchagua. Ulibebwa. Baba yako alikuweka kifuani ndani ya koti, mvua ikamnyeshea yeye. Hukumwomba, hukumshukuru, pengine ulilala njia nzima. Mwanangu, mimi sijui picha ya neema iliyo bora kuliko hiyo. Paulo anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi", yaani kabla hatujainua hata kidole. Na katika waraka kwa Tito imeandikwa kwamba Mungu alituokoa "si kwa sababu ya matendo ya haki tuliyoyatenda sisi; bali kwa rehema yake, kwa kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili". Wanaobatiza watu wazima peke yao wana jambo la haki wanalolilinda, kwamba imani lazima iwe ya mtu mwenyewe, si ya kuazima. Wako sahihi. Ila ubatizo wa mtoto haumwondolei mtu kuamini. Unamtangulizia. Akishapata akili anaambiwa: umekwisha kupewa, pokea sasa, ishi humo. Sisi tulio makanisani ndio tumeharibu, tukaufanya ubatizo uwe karatasi ya sandukuni, inayotolewa siku ya kuandikisha ndoa na siku nyingine haitajwi. Karatasi hiyo mama yako ameitunza kwa mapenzi. Lakini yale maji yalikusudiwa yawe nawe Mgandini, saa kumi na mbili asubuhi, unapofungua meza.

Angalia lugha yetu ilivyo na hekima. Mwanamke akisema "niliolewa", watu watataka kujua kulikoni, mume yuko wapi. Akisema "nimeolewa", hakuna anayeuliza. Harusi inaweza kuwa ya miaka ishirini iliyopita, lakini bado yumo ndani ya ndoa, leo hii, anapopika, anapofua, hata siku aliyogombana na mumewe. Wewe katika barua yako yote umeandika nikabatizwa, niliyebatizwa, kama habari ya kale ya mtoto mmoja wa Bumbuli. Jaribu kusema "nimebatizwa". Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa, kitabu chake cha mafundisho cha mwaka 1529, anafundisha kwamba dhambi na dhamiri zikitulemea tuzijibu hivyo: pamoja na yote haya, nimebatizwa. Hakufundisha tujibu kwamba zamani tulibatizwa. Na humohumo anasema maisha ya Mkristo si kitu kingine ila ubatizo wa kila siku, ulioanza mara moja na unaoendelea daima.

Wa kila siku, kivipi? Hilo ulijifunza kwa ajili ya kipaimara, labda ulilikariri ukalisahau, kama wanafunzi wangu wengi. Katekisimo Ndogo ina maswali manne juu ya ubatizo. La nne linauliza, kubatizwa huku kwa maji maana yake nini? Jibu nalieleza kwa maneno yangu: mtu wa kale aliye ndani yetu azamishwe kila siku kwa majuto na toba, afe pamoja na dhambi zake na tamaa zake mbaya, na kila siku mtu mpya atoke, afufuke, aishi mbele za Mungu. Limejengwa juu ya Warumi 6: "Basi tulizikwa pamoja naye kwa njia ya ubatizo katika mauti yake, kusudi kama Kristo alivyofufuka katika wafu kwa njia ya utukufu wa Baba, vivyo hivyo na sisi tuenende katika upya wa uzima." Paulo anasema tuenende. Ni neno la miguuni, la njia ya kutoka Makorora kwenda sokoni.

Kwa hiyo kule kuzama na kuibuka unakokutamani, nakuelewa sana. Unataka kuanza upya, na hamu hiyo ni ya Roho Mtakatifu, usiizime. Lakini bahari ya Jumamosi itakupa mwanzo mpya mmoja. Na Jumatano utakapomfokea mtoto, au ada zitakapokutana tena na kodi? Utakwenda Raskazone kuuliza maji yamejaa saa ngapi? Ubatizo ulionao unakupa mwanzo huo kila kukicha, wala hauhitaji kuandikishwa jina.

Jirani yako wa Kiislamu asikutie mashaka. Mshukuru Mungu kwa ajili yake. Paulo katika Warumi 2 anasema wapo wasio na sheria ya Musa, na kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao. Uaminifu wake umetoka kwa Mungu yuleyule aliyemuumba. Ubatizo haukutolewa ili Wakristo wa Tanga wajipime na majirani zao, waonekane wazito zaidi. Unasema wewe ni wa nani, na unakuwekea mahali pa kurudi ukipotea. Kama kiganja chake cha mchele kinakusuta kila siku, basi Mungu amekuwekea mwalimu mezani pembeni yako. Ningekuwa wewe ningejifunza kwake.

Sasa mizani.

Hukuniuliza juu yake, uliitaja kama mtu anayepitisha kitu chini ya kanga. Ndiyo barua yenyewe. Mithali 11 inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Na ile sura ya nne ya Waefeso inayosema ubatizo ni mmoja, ikishuka kidogo inazungumza juu ya kuvua utu wa zamani na kuvaa utu mpya, na mifano yake haiko mawinguni hata kidogo. Inataja uongo, hasira, na hili: "Mwibaji asiibe tena, bali afadhali afanye juhudi, akitenda kazi iliyo nzuri kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji." Waliosomewa maneno hayo walikuwa waliobatizwa tayari. Kumbe hata kule kulikuwa na watu wa mizani, na hawakuambiwa warudi majini. Waliambiwa waache.

Kesho, kabla ya mteja wa kwanza, rudisha mshale kwenye sifuri. Katekisimo inafundisha kwamba asubuhi ukiamka ujiwekee alama ya msalaba, utaje jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, useme imani na Sala ya Bwana, kisha uende kazini kwa furaha. Sisi Walutheri wa huku wengi alama hiyo tunaiona ni ya Wakatoliki. Ni yetu pia, na maneno yake ni yaleyale uliyotamkiwa Bumbuli. Fanya hivyo kila asubuhi mkono ukiwa juu ya mizani. Ukitaja jina hilo huku mshale uko mbele ya sifuri, utaona jinsi ilivyo vigumu. Baadaye ipeleke ikahakikiwe na Wakala wa Vipimo, ndiyo kazi yao, usije ukaiweka sawa kwa macho tu.

Najua hofu yako: ukipima kilo kamili kwa bei ileile, faida inakwisha. Basi sema bei ya kweli. Gramu 900 kwa shilingi 2,700 ni sawasawa na kilo kamili kwa shilingi 3,000. Unachokiogopa si hasara, ni kuitamka 3,000 mbele ya mteja wakati meza nyingine zinasema 2,700. Baadhi watahama, sitakudanganya. Miezi miwili mitatu itakuwa migumu. Mwambie mumeo, kama yupo, mbebe wote wawili. Na kwenye jumuiya yako, wewe katibu, sema wazi kwamba ada zimekulemea. Usharika ulioshindwa kuleta uji upewe nafasi nyingine.

Yule mama ntilie ndiye mzigo wako mkubwa. Kilo tano kwa siku, gramu 100 kila kilo: umemwibia nusu kilo kila asubuhi. Kwa siku sita ni kilo tatu kwa wiki, na kwa mwaka ni zaidi ya kilo 150. Kama imetimia miaka miwili, ni kilo 300 na ushee, magunia matatu ya kilo mia, ya mwanamke anayepika kwa kuni ili naye alipe ada. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, alisema atarudisha mara nne. Torati katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, inadai kidogo kuliko hapo: kirudishwe chote, na sehemu ya tano juu yake. Sikutwishi mara nne. Nakushauri umwambie kwa kinywa chako, peke yenu, bila kuzunguka: "Dada, mizani yangu ilikuwa inakupunja, nilifanya kwa makusudi, nisamehe." Halafu kila kilo tano utakayompimia, ongeza nusu kilo bila malipo, kwa muda uleule uliomwibia, na baada ya hapo miezi mingine mitano, iwe ile sehemu ya tano. Anaweza kukasirika. Anaweza kuhama meza, akawaambia na wenzake. Ana haki. Akihama, mchele wake mpelekee anapopikia.

Wateja wa kupita huwezi kuwapata. Hesabu 5 imeliwaza hata hilo: asipopatikana wa kurudishiwa, kitu hicho kinapelekwa kwa Bwana, kiwe cha kuhani. Kwako ni mfuko wa diakonia wa usharika, mchele kwa wajane na wagonjwa, usitajwe jina.

Kisha nenda kwa mchungaji wako, siku ya kazi, uombe kuungama faragha. Wengi hawajui kwamba nasi tunayo. Utalisema jambo hili kwa sauti, naye atakutangazia msamaha kwa jina lilelile la Utatu. Kuungama si sakramenti nyingine ya pembeni kwetu, ni kurudi kwenye maji yale. Kuhusu hasira na watoto, tuzungumze siku nyingine, maana nashuku nyingi zinatoka humo humo kwenye mizani. Mtu anayeogopa kushikwa hana subira na mtoto.

Jumamosi usiende kubatizwa. Lakini usimkwepe rafiki yako, wala usizime simu. Mfuate Ijumaa, mwambie: "Nimebatizwa, na nimegundua kwamba nilikuwa siishi humo. Niombee." Akikasirika, vumilia. Akitaka kujua kilichobadilika, mwonyeshe mshale wa mizani. Ukipenda, nenda Raskazone umsindikize yeye na wenzake, simama ufukweni, waimbie.

Mama yako mpigie leo kabla hajalala. Usimweleze mafundisho. Mwombe akutumie picha ya kile cheti, na umuulize siku ile mvua ilikatika saa ngapi, na baba alisema nini mlipofika kanisani. Andika atakayokuambia, watoto wako nao wasomewe.

Yule mama ntilie nadhani hufika kabla jua halijachomoza vizuri, ndio muda wao. Mwambie kabla hujaanza kupima. Saa hiyo huwa nimeshaamka; nitakutaja.